Makao ya wazee yaanze na jiko

Makao mengi ya wazee hujengwa kama wodi: korido ndefu, vitanda safu kwa safu, chakula kwa saa maalumu. Mwaka 2003, mjini Tupelo, Marekani, wafuasi wa daktari Bill Thomas walijaribu njia nyingine. Nyumba ndogo, wazee wapatao 10, kila mmoja na chumba na bafu lake, vyumba vyote vikizunguka sebule na jiko la wazi. Mzee anasikia harufu ya kitunguu kinachokaangwa, anajua chakula ki karibu, anajikongoja hadi kwenye meza moja ndefu anapokaa pamoja na wahudumu. Hapo pana heshima zaidi kuliko rangi yoyote ya ukutani. Mnaochora ramani za makao ya wazee wetu, tafadhali, anzeni na jiko.