MAKATO YA BENKI YANADAIWA
(Maneno kwa wachuma chai wa Kericho na Bomet)



Mchuma chai hulipwa kwa kilo, na kila shilingi ina jasho lake. Siku hizi mshahara hupitia benki. Ukitoa fedha kupita akiba yako, yaani ovadrafti, unatozwa riba na ada.

Lakini benki nayo ina mpaka. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki kilikataza kupandisha malipo bila idhini ya Waziri. Mwaka 2024, katika kesi ya Stanbic na Santowels, Mahakama ya Juu ilisema hata riba imo.

Basi fanyeni hivi. Kwanza, ombeni taarifa ya akaunti. Pili, pigeni mstari chini ya kila makato msiyoyaelewa. Tatu, mwandikieni meneja, nanyi mbaki na nakala yenye muhuri. Akikataa, pelekeni malalamiko Benki Kuu. Msikawie: dai la mkataba hufa baada ya miaka 6.

Barua moja hutupwa kapuni. Barua ishirini za siku moja husomwa. Leteni karatasi zenu ofisi ya tawi.

Umoja ni nguvu.