Utabiri wa Kilimanjaro: wa mjini au wa kileleni?

Utabiri wa hali ya hewa ya Kilimanjaro unaopatikana mtandaoni mara nyingi ni utabiri wa Moshi. Mji huo uko karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari; kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi za Selsiasi kila mita 1,000 za kupanda. Kwa hiyo mchana wa nyuzi 30 mjini unaweza kuwa wa sifuri au chini yake kileleni, na usiku wa manane, wapandaji wengi wanapoondoka kambi ya Barafu kuelekea kileleni, maji huweza kuganda chupani.

Kasoro nyingine imo kwenye hesabu za kompyuta. Modeli ya kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, ECMWF, hugawa dunia katika miraba ya kilomita 9 hivi, na ndani ya mraba mmoja mlima husawazishwa: kilele hushushwa, bonde huinuliwa. Mawingu yanayojikusanya mchana juu ya msitu wa kusini hupotea humo.

Utabiri wa kuaminika zaidi ni ule unaotaja mwinuko, upepo na saa ulipotolewa. Kijipicha cha jua peke yake hakitoshi, hata kikipendeza. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hufaa hasa kwa mwelekeo wa masika na vuli, pamoja na tahadhari za mvua kubwa. Vyanzo viwili vikitofautiana sana kuhusu siku moja, tofauti hiyo yenyewe ni taarifa: hali ya siku hiyo bado haitabiriki.