Kurudi Uwanjani na Goti Bandia



Machi 2025, huko Sun Valley, Marekani, Lindsey Vonn alishika nafasi ya pili katika mbio za Kombe la Dunia za kuteleza kwenye theluji. Alikuwa na miaka 40, na hata mwaka ulikuwa haujatimia tangu sehemu ya goti lake la kulia iwekewe kiungo bandia. Mgonjwa akisikia hayo ana haki ya kuuliza: kwa nini mimi nisirudi kwenye timu yangu ya maveterani?

Vonn alibadilishiwa sehemu tu ya goti. Wagonjwa wengi hubadilishiwa lote: mfupa wa paja huvikwa chuma, juu ya muundi huwekwa bamba, na katikati plastiki ngumu inayoshika nafasi ya gegedu. Plastiki hiyo haioti upya ikilika. Uchambuzi uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2019 ulikadiria kuwa magoti kamili ya bandia 82 kati ya 100 hudumu miaka 25. Kwa mzee wa miaka 75 hiyo ni zawadi. Kwa mwenye miaka 50 anayetaka mpira kila Jumapili, ni hesabu ya kufikiria mara mbili.

Watafiti wa Berlin na California waliwahi kuweka vipima mzigo ndani ya magoti bandia yenyewe. Baiskeli ya mazoezi hulibebesha goti uzito unaozidi kidogo tu ule wa mwili. Kutembea, zaidi ya mara mbili. Kushuka ngazi, kama mara tatu na nusu. Mchakamchaka, zaidi ya mara nne. Gofu nayo ilizidi mara nne, na bado madaktari wengi huiruhusu. Sababu ni idadi. Mcheza gofu hupiga mapigo makubwa machache kwa saa kadhaa, ilhali mchakamchaka wa kilomita 5 huligonga kila goti zaidi ya mara 2,000. Ndiyo maana nawaambia wagonjwa bila kusita: ogeleeni kidonda kikishapona, endesheni baiskeli, tembeeni, chezeni tenisi ya wawili wawili. Soka la kukabana, hapana.

Lakini wanaoshindwa kurudi mchezoni mara nyingi hawaangushwi na chuma. Mwezi mmoja baada ya upasuaji, nguvu ya msuli wa mbele wa paja huwa imepungua kwa zaidi ya nusu, na msuli huo haurudi kwa dua wala kwa vidonge. Hurudi kwa mazoezi ya miezi mingi, chini ya jicho la mtaalamu wa fiziotherapia. Inaniuma kuona mgonjwa aliyechangiwa na ukoo mzima gharama za upasuaji akikosa nauli ya kuhudhuria mazoezi, kisha akaambiwa goti lake limegoma.

Wanafunzi wangu, kabla mgonjwa hajatia sahihi fomu ya ridhaa, muulizeni anacheza nini na anataka kurudi wapi. Pimeni paja lake na mwanzisheni mazoezi kabla ya kisu. Nanyi mnaosimamia bima za afya, ihesabuni fiziotherapia kuwa sehemu ya upasuaji wenyewe, na muilipie kama mnavyolipia chuma.