Rangi ya meli na dagaa wa Kigoma

Mazungumzo ya juma, kama yalivyosikika redioni



Mkazi wa Tabora akisikia habari za rangi inayopakwa vyombo chini ya maji, huenda akauliza: sisi wa nchi kavu yatuhusu nini? Yanatufikia sokoni. Dagaa na migebuka wa Kigoma wanatoka Ziwa Tanganyika, mwisho wa njia ile ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaishia Ujiji.

Chombo chochote kikikaa majini huota vitu. Baharini ni mwani na wadudu wenye magamba magumu. Ziwani ni utando wa kijani unaoteleza. Chombo kilichoota utando huwa kizito kwenda, na injini huchoma mafuta zaidi.

Wazee wa Pwani walilijua tatizo hili zamani. Jahazi lilipandishwa ufukweni, likasuguliwa, kisha sehemu ya chini ikapakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa. Hata meli yetu ya Liemba ina kisa chake. Wajerumani waliipitisha Tabora vipande vipande kwa reli, na Julai 26, 1916 wakaizamisha wenyewe ili isitekwe. Kabla ya hapo mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 waliikuta mitambo ingali yafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini.

Viwanda vya ng'ambo vilichagua njia nyingine: sumu. Kuanzia miaka ya 1960 ilienea rangi yenye kemikali ya bati iitwayo TBT. Meli zilibaki safi, lakini sumu ilivuja majini. Katika ghuba ya Arcachon, Ufaransa, chaza waliota magamba yaliyovimba na makinda yao yakakosekana. Kwingineko konokono majike waliota viungo vya kiume, wakashindwa kuzaa. Ufaransa iliipiga marufuku kwa vyombo vidogo mwaka 1982. Mkataba wa kimataifa ulipitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika Septemba 2008. Tangu Januari 2023 umepiga marufuku pia sibutraini, kemikali inayoua mimea midogo ya majini.

Hapo ndipo penye jambo letu. Mkataba huo unahusu vyombo vya baharini. Ziwa Tanganyika si bahari, lakini ni dhaifu kuliko bahari. Maji yake hutoka kwa mto mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Mengi zaidi huondoka kwa kugeuka mvuke, na mvuke hauchukui sumu. Kinachoingia humo hukaa. Konokono wake wengi hawapatikani kwingine duniani, na mimea midogo ya majini ndiyo mwanzo wa chakula cha dagaa.

Nchi nne za ziwa hilo, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zilitia saini mkataba wao Dar es Salaam mwezi Juni 2003, zikaahidi kuzuia uchafuzi. Ahadi hiyo haina budi kufika mpaka kwenye kopo la rangi. TASAC inakagua vyombo vya majini; ni vyema mkaguzi aulize pia chombo kimepakwa nini.

Rangi zisizoua zipo. Ziko za silikoni, zinazoteleza hata kiumbe asipate pa kushika; meli ikishika mwendo, maji humng'oa. Wapo pia wataalamu walioiga ngozi ya papa, yenye mikwaruzo midogo isiyokalika. Ni kweli kwamba silikoni ni ghali, tena haimfai mwenye chombo kinachokwenda polepole au kulala gatini siku nyingi.

Kwa mwenye mtumbwi au boti ya mbao, dawa ni ile ya wazee: kupandisha chombo nchi kavu mara kwa mara na kukisugua kwa brashi. Mwenye chombo kilichopakwa rangi ya zamani atandike turubai kabla ya kukwangua, akusanye makapi, asiyaache yasombwe na mvua kurudi ziwani.

Anayenunua rangi asome maandishi ya kopo, asitazame bei peke yake. Mwenye boti akiokoa shilingi kwa rangi ya sumu, gharama italipwa na mvuvi wa Ujiji na mnunuzi wa dagaa Tabora, na wao hawakuulizwa.