Mtoto Ajifunze Kujishika: Hotuba Iliyosomwa Mbele ya Mkutano wa Mwaka



Tumepewa heshima ya kunena machache juu ya watoto wenye mtindio wa ubongo. Watoto hawa wamo majumbani mwetu, ingawa wengi hawaonekani barazani. Wengine hufichwa kwa haya. Wengine husemwa kuwa wamelaaniwa. Neno hilo yafaa tuliondoe kwanza.

Hali hii hutokana na ubongo ulioumia ungali mchanga. Mtoto aweza kuumia tumboni, au kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, au kwa manjano makali ya siku za kwanza, au baadaye kwa homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani. Daktari William Little wa London aliwaeleza madaktari wenzake mwaka 1861 jinsi hali hii ihusianavyo na uzazi mgumu. Basi si laana, wala si kosa la mama.

Mara nyingi misuli hukaza, magoti yakapishana kama mkasi, na visigino visiguse chini. Kumvuta mkono mtoto asiyeweza kuketi, ati atembee, hakufai. Mwendo huanza shingoni: kwanza kichwa kisimame, kisha kiwiliwili, kisha aketi bila kuegemea, ndipo asimame. Wataalamu wameona kwamba mtoto aketiye peke yake kabla ya kutimiza miaka 2 ana tumaini kubwa la kutembea.

Iko desturi ya kumchimbia mtoto shimo na kumsimamisha humo ili miguu ipate nguvu. Desturi hiyo yatokana na mapenzi, nasi hatuicheki. Lakini shimo humshika mtoto; halimfundishi kujishika. Mtaalamu wa viungo akiisha kumpima na kuona yu tayari, afadhali miti miwili ilazwe sambamba juu ya nguzo fupi, kwa kimo cha kiuno chake. Asimame katikati, nyayo zote zikiwa chini, mama akimshika nyonga. Kisha anyoshe mkono kupokea bunzi la mahindi upande wa kulia, halafu wa kushoto, uzito ukihama mguu hata mguu. Hivyo ndivyo mwili hujifunza mizani. Zoezi fupi la kila siku lina faida kuliko refu la mara moja kwa mwezi.

Hatusemi kwamba wote watatembea. Mwaka 1997 wataalamu wa Kanada waliwagawa watoto hawa katika ngazi 5: wa ngazi ya 1 hutembea bila msaada; wa ngazi ya 5 husukumwa katika kiti. Uchunguzi uliotolewa huko mwaka 2002 ulionyesha kwamba afikapo umri wa miaka 5 hivi, au hata mapema zaidi, mtoto huwa amekwisha kupata kama 90 kwa 100 ya uwezo wake wa mwendo. Kungoja, basi, ni hasara. Na asiyeweza kutembea apewe kiti, kimfikishe shuleni. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, yampa haki ya heshima na ya elimu.

Mama wa Kimilili au Kamukuywa hulipa nauli kila aendapo hospitalini, Kitale au Bungoma. Akiacha kwenda, mara nyingi si uvivu, mfuko umekauka. Kwa hiyo twauomba mkutano huu mambo matatu. Kwanza, litengwe fungu la nauli kwa watoto hawa. Pili, wazee wa kila tawi wazitembelee nyumba zenye watoto waliofichwa, kwa upole. Tatu, vijana wetu watengeneze miti ya mazoezi, kwani miti tunayo na mikono tunayo.

Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai. Mtoto wetu na aende pole, lakini asiende peke yake.