Kuitwa Tena

Fungu la kusoma: Maombolezo 3:19–26



Huko Marekani kuna mchezo uitwao besiboli, unaofanana kidogo na kriketi. Mtu mmoja hurusha mpira, na mpinzani wake hujaribu kuupiga kwa gongo. Mrushaji aliyeanza akichoka, mwingine huitwa kupokea kazi yake. Yule anayeitwa mwisho kabisa ana kazi nzito. Wenzake wametoka jasho kwa muda mrefu. Yeye huingia kwa dakika chache tu kuulinda ushindi wao. Akifaulu, watu husema ni wajibu wake. Akikosea, taabu ya wote imepotea mikononi mwake, na kila mtu amemwona.

Mariano Rivera alikuwa mrushaji wa namna hiyo. Alizaliwa Panama mwaka 1969, mwana wa mvuvi, naye alivua samaki pamoja na baba yake kabla ya kuchukuliwa na timu ya New York Yankees mwaka 1990. Ni Mkristo asiyeificha imani yake.

Tarehe 4 Novemba 2001, mjini Phoenix, ulichezwa mchezo wa mwisho wa kuamua ubingwa. Yankees walikuwa wakiongoza 2 kwa 1. Rivera akaitwa amalizie. Katika zamu ya mwisho aliurusha mpira vibaya kwa mwenzake, na wapinzani wakapata nafasi. Timu yake ikashindwa 3 kwa 2.

Siku nane baadaye ndege iliyokuwa ikienda Jamhuri ya Dominika ilianguka mjini New York, wakafa watu 265. Mchezaji mwenzake, Enrique Wilson, alikuwa ameweka nafasi katika ndege hiyo, akitazamia kwanza sherehe za ushindi. Kwa kuwa sherehe hazikuwapo, alisafiri mapema, akapona. Rivera alisema baadaye kwamba afadhali walishindwa, maana rafiki yake yu hai.

Ndugu zangu, tuwe waangalifu hapa. Tusiseme kwamba Mungu alimpenda huyo mmoja kuliko wale 265. Jamaa zao nao walilia, na Mungu aliyaona machozi yao. Lakini hili twaweza kulisema: siku ya kushindwa hatuoni mambo yote. Tunalolilia leo kama msiba mkubwa huenda si mkubwa kama tunavyodhani.

Tena Rivera hakubaki katika usiku ule. Mwaka uliofuata aliitwa tena, akaenda. Mwaka 2009 timu yake ilikuwa bingwa tena. Alipostaafu mwaka 2013 alikuwa ameulinda ushindi wa timu yake mara 652, na hakuna aliyefikia hesabu hiyo katika ligi kuu. Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Je, wewe unayesikiliza? Labda u mwalimu, na darasa ulilokabidhiwa limeanguka mtihani. Labda u mzee wa kanisa, na kazi waliyoianza wengine imeharibika mikononi mwako. Watu wamejua, nawe umeanza kuketi kiti cha nyuma, na ukiombwa kusaidia unasema, “Watafuteni wengine.”

Mkumbuke Petro. Alimkana Bwana mbele ya watu, akalia kwa uchungu. Lakini Bwana aliyefufuka alimkabidhi kondoo zake. Mwandishi wa Maombolezo naye aliandika akiuona mji wake umebomoka, na hata hivyo alishuhudia kwamba rehema za Mungu ni mpya kila siku asubuhi. Basi hata asubuhi inayofuata aibu yako ina rehema yake.

Kwa hiyo ukiitwa tena, usikatae. Inuka uende.

Tuombe. Ee Baba, unajua tulipoanguka na waliotuona. Tusamehe, utuondolee hofu, na utupe moyo wa kuitika utakapotuita tena. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.