Tulivyogawana neno "mtu"



Hebu tamkeni nami polepole: mtu. Sasa kwa Kibena, lugha yetu huku Njombe: munu. Shuleni tulimcheka mwenzetu aliyeteleza akasema munu, tukidhani kaharibu Kiswahili. Naumia nikikumbuka, maana hakuharibu kitu. Wabantu wa kale walitamka n na t pamoja, kama Wazulu wanavyosema hadi leo, umuntu. Wajukuu walipotawanyika wakagawana urithi. Kiswahili kikachukua t, kikaacha n. Kibena kikachukua n, kikaacha t. Wanyakyusa wakabaki na zote mbili, ila t wakailegeza ikawa d: umundu.

Kugawana huku hakukutokea kwetu tu. Wazee wa Makambako mnawakumbuka Wachina waliojenga reli ya TAZARA miaka ya 1970. Kwao, mtu huandikwa kwa alama moja nchi nzima, lakini Beijing wataisoma ren, Guangzhou yan, na kusini mwa Fujian lang. Kwa zaidi ya miaka 2,000 watu wa kaskazini walihamia kusini kundi baada ya kundi, wakakuta milima, kila bonde likabaki na matamshi yake. Leo wa Beijing na wa Guangzhou, kila mmoja akisema cha kwao, hawaelewani.

Na sisi ni watu wa milima. Mtaalamu wa lugha za Kibantu, Malcolm Guthrie, aliziweka Kibena, Kihehe, Kisangu, Kipangwa, Kikinga, Kiwanji na Kikisi katika kundi moja, G60. Ni lugha ndugu. Safu za Kipengere na Livingstone ziliwatenga wasemaji wake, vita vikawasogeza: katika karne ya 19 Wabena wengine, wakisukumwa na Wahehe, waliteremka bonde la Kilombero, wakaishi na Wandamba. Ndio Wabena wa Mito.

Milima hutenga, barabara nayo huchanganya. Pale Makambako, njia ya Songea inapokutana na ile ya Mbeya, muuza viazi hukuamkia kamwene, bei akaitaja kwa Kiswahili, kisha akamgeukia jirani yake kwa Kibena.

Lakini msikilize bibi yako hapo Kifanya, Njombe. Yeye hasemi Kibena, anasema Hibena. Ile ki imekuwa hi. Jioni hii kaa naye karibu na mafiga, mwombe ataje vyombo kimoja kimoja, uandike vilevile anavyotamka. Kipindi kijacho tutaanza na hiyo hi.